Jina Ambalo Nyamizi Hakulisoma

Bi Ngollo alishuka kwenye treni kutoka Igalula akiwa na kikapu kitupu, na watu wa Ntalikwa waliomwona akipita nacho hawakuhitaji kuuliza. Kilikuja kujazwa nguo za mtoto. Mtoto wa Nyamizi alikuwa amefikisha mwaka na nusu, na katika ukoo ule mtoto akifika umri wa kuachishwa ziwa hupelekwa kwa bibi mzaa baba, akakae huko mpaka alisahau titi. Wengine hukaa miezi mitatu. Wengine hulisahau titi pamoja na mwenye titi, wakarudi kwa mama zao wameota ndevu.

"Shikamoo, Mayu," alisema Nyamizi, goti chini. Mayu ndivyo wakwe wa huko wanavyomwita mama.

"Marahaba, mwanangu. Mume wangu yuko wapi?"

Mume aliyeulizwa alikuwa amekaa ndani ya karai la maji, uchi, anatafuna sabuni. Alirithishwa jina la marehemu babu yake, kwa hiyo bibi alikuwa na haki zote za mke: kumwita mume, kumsema kwa kutoleta nyama nyumbani, kumtishia kurudi kwao. Nyamizi upande wake hakuwa na haki hata ya kulitamka jina hilo. Lilikuwa la baba mkwe. Tangu aolewe halijapita mdomoni mwake, na mwanawe mwenyewe alimwita Baba tu, akiwa anamnyonyesha, akiwa anamgombeza, akiwa anamtafuta nyuma ya nyumba. Sisi tusio wakwe tunaweza kulitaja. Lilikuwa Mahona.

Nyamizi hakutaka mtoto aende. Hilo alikwisha kumwambia mumewe, Lugembe, kibarua wa reli kule Igalula aliyekuwa akija nyumbani kila mwisho wa mwezi. Alimwambia atamwachisha ziwa mwenyewe, kwa uji wa karanga, kama walivyofundishwa kwenye darasa la kisomo cha watu wazima. Alimwambia pia kwamba kijiji kinatafuta mtu wa kutunza maktaba, kazi ya kukaa, mtoto mgongoni, na kwamba mwalimu amemtazama yeye kwa jicho zuri. Lugembe hakuwa mtu wa kukataa wala wa kukubali.

"Mama atakaa kwako wiki tatu," alisema. "Akiridhika na malezi yako, atarudi na kikapu chake kitupu kama alivyokuja nacho. Asiporidhika, usinililie mimi."

Basi Nyamizi akalea kama mtu anayefanya mtihani. Alichemsha maji ya kunywa mbele ya mkwewe, akafunika chungu mbele ya mkwewe, akamfundisha mtoto kusema "bibi" kabla hajajua vizuri kusema "mama". Bi Ngollo alitazama yote, na siku ya nne alimega kipande cha muhogo wake akampa Nyamizi kwa mkono wake mwenyewe, na usiku huo Nyamizi alilala usingizi wa kweli.

Darasa la kisomo lilikutana saa kumi alasiri, mara tatu kwa wiki, ndani ya ghala la tumbaku la kijiji. Mwalimu wao alikuwa Justus, aliyemaliza darasa la saba miaka miwili nyuma na kufuga sharubu ili wanafunzi wake wenye wajukuu wamwamkie. Bi Ngollo, ambaye huko kwao alikuwa amefika hatua ya pili ya kisomo, aliomba kuhudhuria kama mgeni, akakaa benchi moja na mkwewe.

Maktaba yenyewe ilikuwa sanduku. Ndani mlikuwa na vitabu arobaini na kimoja: ufugaji wa kuku, uchimbaji wa choo, mbegu bora, magonjwa ya macho. Vingine vilitoka wilayani, vingine vilitoka mjini Tabora kwa Mzee Fakhrudin, ambaye alifunga duka lake la daftari na kalamu akahamia kwa mwanawe Dar es Salaam, na kabla ya kuondoka akawaambia watu wa kijiji wachukue vilivyobaki rafuni. Kimojawapo hakikuwa na jalada. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimeng'oka, hata jina la aliyekitunga halikujulikana. Ila kilikuwa kinene.

Ni kwa unene wake Justus alikichagua. Kijiji kilikuwa kimeamua kwamba atakayetunza maktaba asome kitabu kizima mbele ya darasa, kwa sauti, kwa siku sita, na kila siku ajibu maswali manne ya kisomo: nani, wapi, alifanya nini, tumejifunza nini.

"Vya kuku kila mtu anavijua kwa moyo," alisema Justus, akimkabidhi Nyamizi kile kitabu. "Hiki ndicho kitakachoonyesha nani anajua kusoma."

"Wewe umekisoma, mwalimu?"

"Nimekipima," alisema Justus, na darasa likacheka.

Nyamizi alikifungua nyumbani, mtoto akinyonya. Alisoma ukurasa wa kwanza mara tatu. Hakikuwa na nukta. Maneno yalianza juu kushoto yakateremka mpaka chini bila kituo, kama mtu anayeongea huku anakimbia. Sura zilianzia ya kumi na mbili zikirudi nyuma. Ukurasa mmoja mzima ulikuwa na neno "hatua" peke yake, hatua hatua hatua, mstari baada ya mstari, na ukurasa uliofuata ulikuwa mweupe, ila chini kabisa palikuwa na swali: umepumzika?

Polepole akaanza kuona kuna mtu humo ndani. Mtu huyo alikuwa mjukuu wa wapagazi waliobeba pembe kwenye njia ya misafara ya zamani, na yeye, ingawa treni inapita, aliamua kwenda Ujiji kwa miguu akiwa na mzigo kichwani ambao hakuna aliyeuona isipokuwa yeye. Akili yake ilikuwa imehama. Alijisema kama anamsema mtu mwingine, kwa jina lake. Fulani kaamka, fulani kasikia mzigo unapumua, fulani hataki kusikia. Na fulani huyo, kwenye kila ukurasa, mara tano, mara kumi, alikuwa Mahona.

Nyamizi alikifunga. Akakaa.

Angeweza kurudi kwa Justus akaomba cha kuku. Lakini ingemlazimu kueleza, na akieleza, ghala zima lingejua kwamba kuna kitabu kilichopigwa chapa chenye kichaa aliyebeba jina la marehemu mume wa Bi Ngollo, na Bi Ngollo amekaa palepale kwenye benchi. Minza, shoga yake aliyekaa benchi la nyuma, angepata kicheko cha mwaka mzima. Kulitamka nako hakuwezekani. Akafikiri mpaka mtoto akalala. Ndipo akaona njia, na aliiona kuwa ya akili sana: huyu mtu si anajisema mwenyewe? Basi kila penye jina, yeye atasoma "mimi". Maana haipotei, marehemu haguswi, mkwe haaibiki.

Siku ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Alisoma mpaka jasho likamtoka, maana kitabu kisicho na nukta hakikuruhusu kupumua. Ama unakimbia nacho ama kinakuacha. Watu walisikiliza vinywa wazi.

"Haya," alisema Justus. "Nani?"

"Mtu mmoja."

"Wapi?"

"Njiani."

"Alifanya nini?"

"Alitembea."

"Tumejifunza nini?"

Nyamizi akageuza kurasa kutafuta.

"Tumejifunza kupanda treni," alisema Minza kutoka nyuma, na wakavunja darasa kwa kicheko.

Siku ya pili mzigo ulipata mdomo. Nyamizi alikuwa ameupitia ukurasa ule nyumbani harakaharaka, akifuatilia jina tu ili asijikwae. Hakuwa amesikia unasema nini. Aliusikia pale ghalani, kwa sauti yake mwenyewe, mtoto amelala mgongoni:

"Na mzigo ulikuwa na mdomo na mdomo ulikuwa na meno manne na mimi nikauambia nyamaza haukunyamaza mimi sikulala jana wala juzi mimi nikautua kwenye majani nikaenda na shingo yangu ikawa shingo yangu tena na upepo ukapita mahali pa mzigo na mimi nikasema Mungu usinione nilivyo mwepesi"

Aliendelea. Hakujua kwamba analia mpaka tone lilipodondoka kwenye ukurasa.

Kwa sababu alikuwa anaijua njia ile. Mtoto alipokuwa na miezi miwili, wakati ule analia tangu alfajiri mpaka alfajiri, na Lugembe yuko Igalula, na titi limechanika, Nyamizi alikuwa njiani kwenda kisimani upande wa Itetemia. Alimfungua mtoto mgongoni, akamlaza kwenye kivuli cha kichaka, akamfunika vizuri kwa kanga, akaenda. Alikwenda hatua mia na ishirini. Alizihesabu. Katika hatua zile hakuwa na hasira wala huzuni, alikuwa na utamu mgongoni ambao hajawahi kuupata tena, na utamu huo ndio uliomtisha akarudi mbio mpaka akaanguka. Mtoto alikuwa anatazama majani. Hakumwambia mtu. Alikuwa ameamini kwamba tangu dunia iumbwe ni yeye peke yake.

Sasa kumbe kulikuwa na mwingine. Mtu asiye na jalada, asiyejulikana alitungwa wapi, alikuwa amepita palepale na kusema yote bila kituo. Nyamizi aliirudia sura ile nyumbani kila siku kabla ya kuwasha moto. Kilichokuwa kigumu kikawa rahisi. Aliona kwamba nukta hazikusahauliwa. Huyu mtu aliogopa kunyamaza hata kwa kiasi cha nukta moja, maana akinyamaza angeusikia mzigo. Alitamani kuwa na mtu wa kumwambia jambo hilo. Maswali manne ya Justus hayakuwa na mahali pa kuliweka.

Kijijini wakaanza kusema.

"Shoga," Minza alimuuliza kisimani, safari hii bila mzaha, "kile kitabu ndicho kinachosema, au ni wewe unayesema?"

"Kitabu."

"Sasa mbona kinasema mimi?"

"Anajisema yeye."

"Yeye nani? Si ana jina?"

Nyamizi akainua ndoo. "Analo," alisema, akaondoka.

Nyumbani Bi Ngollo hakuuliza kitu. Ila asubuhi ya siku ya tatu ya kusoma aliamka mapema akamwogesha mtoto mwenyewe. Jioni alimlisha mwenyewe. Usiku alimchukua kitandani kwake, "mume wangu anasikia baridi", na Nyamizi akalala na mikono mitupu, akijiambia kwamba bibi ni bibi.

Siku ya nne Bi Ngollo hakukaa mwisho wa benchi kama kawaida. Alisogea mpaka bega likagusana na bega la mkwewe, akawa anafuata mistari kwa kidole, kama wafanyavyo watu wa hatua ya pili. Nyamizi alisoma, kidole kikawa kinachelewa nyuma yake, neno moja hapa, neno moja pale. Kisha kikasimama. Nyamizi alikitazama kwa pembe ya jicho. Kilikuwa juu ya jina. Kilikaa hapo muda mrefu kuliko unaotakiwa kusoma herufi sita, kisha kikaondoka, kikarudi mapajani, na Bi Ngollo akatazama mbele.

Moyo wa Nyamizi ukafunguka. Ameliona, alijisemea. Sasa anajua kwa nini. Watu wakisema, atanitetea.

Siku mbili zilizobaki alisoma bila hofu, tena alisoma vizuri kuliko zile za mwanzo. Siku ya sita alikuja Bwana Alois, ofisa wa elimu ya watu wazima kutoka mjini, akasikiliza akiwa amekunja mikono. Sura ya mwisho, ambayo ilikuwa sura ya kwanza, yule mtu anafika ziwani, anageuka, na anaanza kuhesabu hatua za kurudi. Nyamizi akafunga kitabu.

"Nimepita vijiji kumi na saba," alisema Bwana Alois. "Watu wanasoma kama wanapasua kuni. Huyu mama anasoma kama anakumbuka."

Akampa ufunguo wa sanduku mbele ya watu wote. Bi Ngollo alipiga makofi pamoja na wengine.

Lugembe alifika kesho yake, kabla ya mwisho wa mwezi. Alikuwa ameitwa. Waliketi uani watu watatu, mtoto akicheza na kikapu, anakivaa kichwani na kukivua.

"Wanasema umesimama ghalani mbele ya wanaume ukasema ulimtupa mtoto," alisema Lugembe.

"Kilikuwa kitabu, baba."

"Kitabu kinasema mimi?"

"Hakisemi. Kina jina la mtu. Nililiruka."

"Jina gani?"

Nyamizi akatazama chini. "Muulize Mayu. Amelisoma."

Lugembe akamgeukia mama yake. Nyamizi naye akamtazama, kwa shukrani iliyokwisha kuandaliwa.

"Nimelisoma," alisema Bi Ngollo. "Ni jina la baba yako. Mkeo alikuwa anamstahi marehemu, na mimi alikuwa ananifichia aibu. Kwa hilo namshukuru, hata kama hakujua kwamba namshukuru."

"Basi yamekwisha," alisema Lugembe, na ilionekana wazi kwamba mzigo umemtoka. Akacheka kidogo. "Watu wa kijiji hiki nao."

"Hayajaisha. Juzi nilimpelekea kitabu yule kijana, mwalimu wenu, anisomee ukurasa ule wa mzigo, nikajifanya sikuuelewa. Akausoma. Aliusoma kama anasoma bei ya karanga. Jina analitamka, jina la baba yako, na wala sikusikia kitu." Akamgeukia mkwewe. "Wewe hukuwa unasoma, Nyamizi. Sasa usinijibu kitabu. Nijibu mimi. Ulimwacha wapi?"

Palikuwa na neno moja tu lililotakiwa. Lugembe alikuwa analingoja, uso wake ukimwomba alitoe. Sikumwacha. Hata kama Bi Ngollo asingeliamini, asingekuwa na la kufanya, maana kwa mumewe lingetosha, na kikapu kingerudi Igalula kitupu.

Nyamizi alilitafuta. Kwa mwaka mzima na zaidi alikuwa nalo tayari, lakini baada ya siku sita za kusema kweli kwa kinywa cha mtu mwingine, halikuja.

"Njia ya kisimani," alisema. "Alikuwa na miezi miwili. Nilikwenda hatua mia na ishirini. Nikarudi."

Lugembe alisimama akaenda kusimama karibu na ukuta.

"Ulimfunika?" aliuliza Bi Ngollo.

"Nilimfunika."

"Mimi huyu sikumfunika," alisema mama mkwe, akimwonyesha Lugembe kwa kidevu, kwa sauti ya chini ambayo yule wa ukutani hakuweza kuisikia. "Mama mkwe wangu mimi hakuniuliza chochote. Alimchukua tu. Mimi nimekuuliza."

"Sasa kama unajua, Mayu." Nyamizi alimshika kanga, kitu ambacho mkwe hafanyi. "Kama unajua, niachie."

"Kwa sababu najua," alisema Bi Ngollo. Akakivua kikapu kichwani kwa mtoto, akaanza kukunja nguo.

Jumapili walikwenda stesheni ya Tabora. Minza alimsindikiza Nyamizi bila kuombwa. Mtoto alifurahia treni. Aligonga dirisha kwa viganja vyote viwili, akamwita bibi yake atazame injini, na treni ilipoanza kuondoka hakulia. Ni safari, na yeye ndiye msafiri. Bi Ngollo alipaza sauti dirishani kwamba Nyamizi aje baada ya mavuno, siyo kabla, asije akamkumbusha. Lugembe alikuwa kwenye behewa hilohilo. Alikuwa amekaa upande wa pili.

Wanawake wawili wakashika njia ya kurudi Ntalikwa. Walipopita nyumba za mwisho za mji Nyamizi alisimama. Kifua kilikuwa kimejaa, gauni limelowa mpaka kiunoni.

"Kamua," alisema Minza. "Usipokamua utashikwa na homa."

Akavua kanga ya mabegani, akaitandaza kwa mikono miwili kati ya rafiki yake na barabara. Nyamizi alichuchumaa, akakamua maziwa ya mwanawe kwenye vumbi, titi moja, kisha la pili.

"Ungesema hapana tu, shoga," alisema Minza kwa upole, akiwa ametazama upande mwingine. "Nani angejua?"

"Nilitaka kusema."

"Ikawaje?"

"Nimekuwa nikisema hapana tangu siku ile ya kisimani. Mara hii moja nilipumzika." Alijifuta kwa upindo wa gauni. "Kesho kuna watu wa kuazima vitabu. Nitawahi kufungua sanduku."

Maziwa yalikuwa bado yanatoka. Akainama tena, na Minza akaendelea kuishika kanga mpaka rafiki yake alipomaliza.